Bahasha za Dallas: kwa nini mwanao aliyepata chuo Marekani kwa mbio anakatazwa hata kupewa viatu

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Hapa Dallas ni Jumamosi, na kama mnavyoona nyuma yangu, watu wameshafunga mahema kwenye nyasi, wanachoma nyama, watoto wamevaa nyekundu na bluu. Hiki ni chuo cha Southern Methodist, wenyewe wanakiita SMU, na leo timu yao inacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Ni timu ya wanafunzi, lakini msidhani ni kama UMISSETA. Mpira wa vyuo huku ni mkubwa kiasi kwamba uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000.

Nimekuja kurekodi hapa kwa sababu ya mama mmoja wa Arusha. Kaniandikia hivi: mwanangu wa kiume amepata chuo Marekani kwa ajili ya mbio, wametuma karatasi nyingi, na kwenye moja imeandikwa asipokee zawadi, asikopeshwe hela wala kuazimwa gari na mtu yeyote anayeisaidia timu. Anauliza, ni watu gani hawa wanaokataza mtoto wa maskini kusaidiwa? Na mbona huku tunasikia wachezaji wa vyuo siku hizi wanalipwa mamilioni?

Mama, swali lako limenikaa wiki nzima. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana kuna pesa ndani yake na kuna hatari ndani yake, na nataka uzione zote mbili.

Tuanze na hao watu. Huku wanaitwa mabusta, yaani wafadhili wa timu. Kwetu ungesema mnazi mwenye hela: mtu aliyesoma chuo hicho zamani, au anayekipenda tu, ametajirika, na anataka timu ishinde. Ukishaichangia timu hata mara moja, kanuni zinakuhesabu humo maisha yako yote. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo kinaitwa NCAA, na kwa miaka mingi msimamo wake ulikuwa mmoja: mchezaji ni mwanafunzi, atapata ada, chumba, chakula na vitabu, basi. Kocha alipwe mamilioni, televisheni ilipe chuo mamilioni, ila kijana anayevunjika goti asipewe hata senti ya pembeni.

Sasa njoo Dallas ya miaka ya 1980. Mji umejaa hela za mafuta na za viwanja. Kwenye ghorofa moja anafanya kazi aliyesoma SMU, jirani yake amesoma Chuo Kikuu cha Texas, wa mlango wa tatu Texas A&M. Timu yako ikifungwa Jumamosi, Jumatatu ofisini hukai. Mnaotoka nyumba zenye Simba na Yanga ndani mnanielewa. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na uwezo wa kuutibu huo uchungu kwa pesa.

Wakaanza kuwagombea vijana. Mwaka 1979 alikuwepo mkimbiaji hodari kutoka mji mdogo wa Sealy, Eric Dickerson. Wakati vyuo vinamvutana akaonekana na gari jipya aina ya Pontiac Trans Am, la rangi ya dhahabu. Ikasemwa kanunuliwa na bibi yake. Maneno juu ya gari lile hayajaisha mpaka leo. Dickerson akaja hapa SMU, na mwaka 1982 timu ikamaliza msimu bila kufungwa hata mchezo mmoja, sare moja tu.

NCAA walikuwa wanaona. Agosti 1985 wakaiadhibu SMU, wakawapiga marufuku wafadhili kadhaa wasiikaribie timu, na chuo kikaahidi kuacha. Hakikuacha. Walikuwapo wachezaji waliokuwa wameshaahidiwa hela kila mwezi, na wakubwa wakaona wakiacha kuwalipa vijana watasema. Kwa hiyo wachezaji 13 wakaendelea kulipwa kutoka kwenye mfuko wa mfadhili mmoja, kati ya dola 50 na dola 725 kwa mwezi. Jumla yake ilifika dola 61,000. Nataka muishike hesabu hiyo. Mtu wa chini alikuwa anapata dola 50 kwa mwezi, hela ya kununua sabuni na kumtoa mchumba wake chipsi mara mbili.

Novemba 1986 ikalipuka. Kituo cha televisheni cha hapa Dallas, WFAA, kikamleta mchezaji wa zamani aliyesema alipewa dola 25,000 ili asaini. Mtangazaji Dale Hansen akamwekea ofisa wa timu bahasha iliyodaiwa kuwa ya hela mbele ya kamera, amuulize kama mwandiko ni wake. Ile picha ya bahasha, watu wazima wa mji huu wanaikumbuka kama sisi tunavyokumbuka mpira wa fainali.

Tarehe 25 Februari 1987 NCAA wakafuta msimu mzima wa SMU. Hakuna timu kubwa ya mpira huu iliyowahi kupewa adhabu hiyo kabla wala baada. Huku wanaiita adhabu ya kifo. Halafu, siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, likatoka lililo zito kuliko yote: gavana wa Texas mwenyewe, Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, akakiri kwamba yeye na wenzake walijua, na waliamua malipo yaendelee hata baada ya chuo kuadhibiwa. Gavana wa jimbo!

Sasa niulizeni nani alilipia. Clements alikaa kwenye kiti chake cha ugavana mpaka Januari 1991. Vijana siku ile ile ya adhabu walijikuta hawana timu. Makocha wa vyuo vingine wakamiminika hapa kuwachukua kama watu wanaonunua vitu kwenye nyumba iliyofilisika. Chuo kikashindwa kucheza na mwaka 1988 pia. Waliporudi 1989 wengi walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza, na Houston ikawafunga 95 kwa 21. Kocha wao, Forrest Gregg, alikuwa mtu aliyewahi kucheza hapa hapa, karudi nyumbani kuokota vipande. Timu hii haikucheza tena mchezo wowote wa baada ya msimu hadi Desemba 2009, kule Hawaii. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa adhabu alikuwa na miaka 22.

Na wengi wa waliofungwa zile 95 hawakuwahi kuiona hata bahasha moja. Hilo ndilo linaloniuma kwenye habari hii yote. Mkubwa anatoa hela kwa sababu anataka furaha yake ya Jumamosi, ikigundulika anarudi ofisini kwake, na kijana ndiye anayebaki na jina baya.

Msidhani ni Dallas peke yake. Miami alikuwepo mfadhili anaitwa Nevin Shapiro. Huyu alikuwa anaendesha upatu wa kitapeli wa dola milioni 930, akafungwa miaka 20, na mwaka 2011 akiwa gerezani akawaambia waandishi wa Yahoo kwamba aliwanufaisha wanamichezo 72 wa Chuo Kikuu cha Miami. Fikiria wewe ni kijana wa miaka 19, tajiri anakukaribisha kwenye boti yake, unaona umepata baba. Kumbe hela ni ya wizi.

Na kuna kesi ya Memphis. Wazazi, hii ndiyo nataka muisikilize kuliko zote. Kijana Albert Means alikuwa mchezaji anayegombewa nchi nzima. Mfadhili wa Chuo Kikuu cha Alabama, Logan Young, akatoa dola 150,000 ili kijana aende Alabama. Hela ile alipewa kocha wake wa sekondari. Mwaka 2005 jopo la wananchi wanaoamua kesi mahakamani pale Memphis lilimkuta Young na hatia. Kijana aliuzwa kama ng'ombe wa mnadani, na bei wakaijua wengine. Huko nyumbani tunao watu wa namna hii, msijidanganye. Mtu anakuja Mbulu au Iten, anasema mimi ndiye ninayewapeleka vijana Marekani, nipe cheti, nipe pasipoti, nitashughulika mimi. Mwulize anashughulika na nani, na kwa kiasi gani.

Turudi kwenye swali la pili la mama, hizo hela za siku hizi.

Mwaka 2014 mchezaji wa mpira wa kikapu wa Connecticut, Shabazz Napier, alisema kwamba kuna usiku anaenda kulala na njaa. Na mwaka huo huo alichukua ubingwa wa taifa! Nchi ikaona haya, na Aprili mwaka huo NCAA wakaruhusu vyuo viwalishe wachezaji bila kipimo. Lakini kilichoubomoa ukuta ni mahakama. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA kwenye kesi ya mchezaji wa zamani, Shawne Alston, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo mchezaji akaruhusiwa kuuza jina lake na sura yake: kutangaza duka, kusaini fulana, kulipwa kwa video. Wafadhili wakaunda vikundi vya kuchangishana, hela zile zile za bahasha zikapata akaunti ya benki na mkataba. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ambayo yanaruhusu chuo chenyewe kuwalipa wanamichezo wake, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Waliocheza tangu 2016 wanalipwa fidia ya dola bilioni 2.8. Waliocheza hapa 1986 hawamo.

Na SMU? Mwaka 2023 walikubali kuingia ligi kubwa ya ACC bila kupokea mgao wa televisheni kwa miaka tisa. Wafadhili wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja kuziba pengo. Msimu wa 2024 timu ikafika kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa. Mji ulifurahi, na mimi nilifurahi nao, siwaambii uongo. Vijana wanastahili kulipwa. Ila nilipokuwa nashangilia niliwafikiria wale 13 na bahasha zao.

Lakini mama, bahasha bado ni marufuku. Malipo lazima yawe ya kazi ya kweli, na mkataba wowote na mtu wa nje unaofika dola 600 lazima uripotiwe na kukaguliwa. Mfadhili hawezi kumpa mwanao hela kwa sababu tu ana miguu mizuri.

Na mwanao ana jambo moja zaidi ambalo Mmarekani hana: visa. Visa ya mwanafunzi, F-1, haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na kutangaza duka kwa malipo ni kazi. Mnamkumbuka Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ndugu yetu wa Kiswahili kabisa? Mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo nchi nzima, akichezea Kentucky. Kila kampuni ilimtaka. Akawa anaangalia wenzake wakisaini. Alichofanya, timu iliposafiri Bahamas kiangazi kile, alifanyia kazi zake za matangazo huko huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima, na ilibidi avuke bahari ili alipwe kwa jina lake.

Nina kijana wangu hapa Texas, mtoto wa rafiki yangu wa Manyara, anakimbia kwenye chuo kimoja. Mwaka jana alinipigia usiku. Mzee mmoja anayekuja kwenye mazoezi alikuwa ameona viatu vyake vimetoboka, akamletea jozi mbili mpya na kompyuta ndani ya boksi. Kijana akaniambia, "Anko, huyu mzee ana roho nzuri, na ninavyo vitabu vya kusoma sina kompyuta. Nikirudisha si nitamdharau?" Nilikaa kimya kidogo, maana hata mimi wa kwetu wamenifundisha mkono wa mkubwa haurudishwi. Nikamwambia asifungue boksi, asubuhi aende nalo ofisi ya chuo inayosimamia kanuni. Wakalirudisha wao, kwa barua ya heshima, kisha wakamwazima kompyuta ya chuo kwa muhula mzima. Chuo kilikuwa nazo. Hakuna aliyemwambia aombe, na yeye aliona haya kuomba.

Kwa hiyo mama, fanya hivi. Ile barua ya ufadhili nitumie picha, kila ukurasa, na ile yenye maandishi madogo, kabla hamjasaini. Tutaisoma wote kwa Kiswahili. Angalia kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au ni wa miaka yote, na kama akiumia utaendelea. Kama kuna mtu huko Arusha amewaomba hela ya kushughulikia, niandikie ni kiasi gani. Na mwambie kijana akifika, wiki ya kwanza kabisa, aulize ile ofisi iko jengo gani, na akikosa kiatu akaseme pale.