Mche Uliopona

Hamjambo wazee wangu, akina mama, vijana. Asanteni kwa kuniita tena. Najua wengi mmeshanisikia, na mzee wetu aliyeketi hapo mbele amenisikia mara tatu, anajua nitakapoanzia. Nitaanzia papo hapo, kwa sababu jambo lenyewe bado hatujalifanya.

Kila Septemba 25 ikifika tunamkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyetutoka mwaka 2011. Tunafunga vilemba kama vyake, tunaitaja Nobeli yake ya amani ya 2004, tunapanda mche mmoja mbele ya kamera, tunapiga makofi na kurudi nyumbani. Mche unaachwa pale peke yake. Na mimi ugomvi wangu uko kwa huo mche.

Juzi juzi niliitwa na shule moja ya hapa Eastlands, Nairobi. Walikuwa wamepanda miche sitini siku ya sherehe, na sasa ilikuwa imepita miezi minne. Nikakuta safu ya vijiti. Nikainama nikashika kimoja, nikakivuta kidogo tu, kikang'oka chote mkononi mwangu, na ile karatasi nyeusi ya kitaluni ikiwa bado imekivaa. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani kama tambi kwenye kikombe. Ilitafuta udongo pande zote, ikakuta plastiki. Mtu alichimba shimo, akatumbukiza mche na karatasi yake, akafukia, akapigwa picha. Nikang'oa wa pili, vilevile. Wa tano, vilevile. Mwalimu aliyekuwa nami akaniambia kwa upole, "Lakini tulipanda sitini." Akanionyesha na ripoti. Kweli, imeandikwa sitini.

Nilikaa chini pale uwanjani. Sikuwa na hasira na mwalimu, maana yeye aliulizwa swali moja tu: mmepanda mingapi? Akajibu. Hakuna aliyewahi kurudi kumuuliza imepona mingapi.

Sasa sikilizeni Mama Wangari alivyofanya. Alipoanzisha shughuli ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akina mama wa vijijini waliokota mbegu wenyewe, wakazisia kwenye vyungu vilivyovunjika na mikebe mitupu. Maafisa wa misitu waliwaambia kuotesha miti ni kazi ya wenye diploma. Akina mama wakaendelea, wakaitwa wanamisitu wasio na diploma, na jina hilo likawa fahari yao. Halafu ikaja kanuni ambayo ndiyo nimeijia hapa leo: mama alilipwa kwa kila mche uliopona. Senti nne za Marekani kwa mche ulio hai. Uliooteshwa ukafa, hakuna. Uliogawiwa jirani ukaliwa na mbuzi, hakuna.

Hebu fikirieni kanuni hiyo inamfanya mtu aweje. Ukilipwa kwa mche ulio hai, mbuzi wa jirani ni shauri lako. Unampitia jirani jioni, unamuuliza, ule mgrevilea niliokupa unaendeleaje? Umeuzungushia miiba? Jirani naye anaona haya kukuambia umekauka. Kiangazi kikiingia unajua nani ana kisima na nani hana. Kwa njia hiyo kijiji kizima kinajuana upya kwa ajili ya miti. Wataalamu wanaandika vitabu juu ya kushirikisha jamii. Yeye alishirikisha jamii kwa senti nne na swali moja.

Kuna mtu atasema senti nne ni kuwapunja akina mama. Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na si swali baya. Zilikuwa kidogo, kweli. Lakini muulize mama ambaye hajawahi kushika pesa isiyotoka mkononi mwa mume wake. Tena hapo nyuma Mama Wangari alikuwa ameshajaribu kwa njia ya kampuni, Envirocare, akitaka kuwapa watu maskini kazi ya miti na bustani, ikakwama kwa kukosa fedha. Alijua hasara ya mche ina uchungu gani.

Na hata sherehe yenyewe aliifanya. Juni 5, 1977, siku ya mazingira duniani, alitoka na watu KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya jiji, kwa miguu mpaka hapa Kamukunji, wakapanda miti saba kuwakumbuka watu saba wa makabila mbalimbali. Miti mingine katika ile saba ilikufa. Yeye mwenyewe hakuficha. Mtu anayehesabu iliyo hai hawezi kuficha iliyokufa.

Mwingine atasema, mama, wewe umebaki nyuma, serikali imeshatangaza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nimesikia. Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko twende tukapande, na mimi nilienda, nikarudi na tope hadi magotini. Naunga mkono. Ninachoomba ni siku nyingine ya mapumziko, Februari, jua likiwa kali, twende tukatazame.

Hesabu hii ya iliyo hai Mama Wangari aliitoa wapi? Watu husahau kwamba huyu alikuwa mtu wa mifugo. Alifundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Alikuwa akichunguza ndigana, ugonjwa ule wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Basi akawa anakwenda mashambani kuokota kupe masikioni mwa ng'ombe. Mmeona? Profesa mzima ameshika sikio la ng'ombe! Na akiwa hapo anaona mbavu za ng'ombe zimetokeza kwa kukosa majani. Anaona mto umekuwa mwekundu kwa udongo wa milimani. Huku wanawake wanamwambia kuni ziko mbali. Alikwenda kutafuta kupe akaikuta nchi nzima inaumwa. Hilo halionekani ukiwa ofisini. Lazima uiname.

Ndiyo maana nasema tusimweke juu ya mabango peke yake. Alikuwa mtu wa kwenda. Mwaka 1960, binti wa miaka ishirini kutoka Ihithe, Nyeri, alipanda ndege pamoja na wanafunzi wenzake karibu mia tatu kwenda Marekani, akafikia mji mdogo wa Atchison, Kansas. Fikirieni safari hiyo, na mzazi wake amebaki kijijini hana simu. Aliporudi hakuacha kwenda.

Karura sitairuka, hata mkinionyesha saa. Vijana mnaoendesha baiskeli mle Jumapili, jueni kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini msitu ule ulikuwa umegawiwa watu wajenge nyumba. Mama Wangari alikuwa karibu miaka sitini. Njia ya lango ikifungwa, yeye na wenzake walipitia kwenye kinamasi, miche mkononi, wakapanda huku walinzi wakilinda lango. Januari 8, 1999 walikwenda kupanda mti pale pale langoni. Wakavamiwa na genge la walinzi wenye marungu na mijeledi. Akapigwa kichwani, damu ikamtiririka. Akaenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha taarifa, na ilipofika mahali pa kutia sahihi, akachovya kidole kwenye damu ya kichwa chake, akaweka alama pale kwenye karatasi. Polisi hawakwenda siku hiyo kuwakamata waliompiga. Lakini Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura mnaiona imesimama.

Nikipita pale ninakumbuka kile kidole. Kwenye karatasi ile hakukuwa na la kubishana.

Naona ninaonyeshwa dakika tano. Basi Uhuru Park mnaijua, ile bustani ya umma katikati ya Nairobi, jengo la ghorofa 60 lililotaka kuimeza mwaka 1989, na jinsi alivyosemwa Bungeni kwa kulipinga, na jinsi shirika lake lilivyofukuzwa ofisini likahamia nyumbani kwake South C. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa aliokaa nao mwaka 1992 pale Freedom Corner, pembe ya bustani hiyohiyo, halafu mwaka mzima kwenye kanisa la All Saints mpaka wana wao wakaachiliwa, hilo ni mhadhara wake peke yake, na vijana mtaniita tena.

Jambo moja tu juu ya maziko. Aliagiza asizikwe kwenye jeneza la mbao. Jeneza lake lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji, lile gugu linalosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Mwili wake ukachomwa hapo Kariokor, Oktoba 8. Wengi walishtuka wakati ule, wakasema si desturi yetu. Mimi nililia, lakini nilielewa. Alikuwa bado anahesabu miti, na hakutaka hata mmoja ukatwe kwa ajili yake.

Sasa, nyuma ya ukumbi huu mwaka jana tulipanda miche arobaini. Asubuhi hii kabla hamjafika nilizunguka na daftari. Iliyo hai ni kumi na mmoja. Minne kati ya hiyo iko karibu na choo na inapata maji ya kunawia. Mitatu imeguguniwa na mbuzi lakini inachipuka kwa chini, tukiizungushia miiba itasimama. Minne iliyobaki majani yamejikunja, ina kiu. Jerikeni nimezipanga pale mlangoni. Maji ya bomba yamekuja leo, na hukatwa saa nane. Mzee wangu, wewe chukua ile ndogo. Twendeni.