Giaboksi na breki: kuandaa gari jipya kabla ya kuliingiza uwanjani

Karibuni tena watazamaji. Leo tuko gereji hapa Njiro, Arusha, na gari mnaloliona juu ya stendi ni Toyota GR86, injini ya lita 2.4, gia sita za mkono. Ni jipya kabisa, halijafikisha hata kilomita 2,000, na mwenyewe anataka kwenda kulikimbiza kwenye uwanja wa mbio za magari. Wengi mnaniuliza: fundi, gari jipya unalifanyia huduma gani tena? Shida ni joto. Barabarani unakanyaga breki, kisha unakwenda mwendo mrefu bila kuzigusa, zinapoa. Uwanjani kila kona unazibana, na kona nyingine iko mbele yako.

Kabla ya kuingia chini: sakafu tambarare, stendi nne za chuma. Tofali hapana, gogo hapana.

Tunaanza na giaboksi. Liendeshe gari dakika kumi hivi ili oili iwe vuguvugu, itoke vizuri. Sasa angalieni hapa, kuna bolti mbili: ya juu ya kujazia, ya chini ya kumwagia. Fungua ya juu kwanza. Ukimwaga oili yote halafu bolti ya kujazia ikagoma, gari halitoki hapa. Imefunguka? Haya, weka beseni, fungua ya chini.

Sogeza kamera. Mnaona sumaku hii? Huu unga laini wa kijivu usiwatishe, giaboksi ni mpya na meno bado yanazoeana. Ndiyo maana oili ya kwanza naimwaga mapema. Ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, acha kazi, giaboksi ifunguliwe ichunguzwe.

Ukienda dukani usiseme tu "nipe 75W-90". Hiyo ni namba ya uzito wa oili tu. Geuza kopo, soma pia daraja lake, kama ni GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya salfa, na baadhi yake hula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolainisha gia kuingia. Baadaye gia zinaanza kukwaruza. Kitabu cha gari kimetaja ipi? Weka hiyo. Badilisha washa, ile pete ya kuziba chini ya bolti, funga bolti ya chini, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, kisha funga. Oili chafu weka kwenye dumu. Ukiimwaga mtaroni, mvua inaipeleka mto Themi, na kuna watu wanamwagilia mboga kwa maji yale.

Sasa breki, na hapa naomba mtulie. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, daraja la oili ya breki linaloandikwa kwenye kopo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishaingiwa na maji, kipimo chake cha chini kinashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unaminyika, kwa hiyo unakanyaga pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Imenipata mimi, kwenye mteremko, kwa sababu nilitumia kopo lililokaa wazi tangu masika. Tangu siku ile kopo likifunguliwa, kinachobaki hakiingii tena kwenye gari la mtu. Ukipata DOT 5.1 ni bora zaidi, mpya inaanzia nyuzi 260 na inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiiweke humu.

Kutoa upepo kwenye breki tunaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali ya breki. Video nyingi za Marekani zinasema nyuma kulia, kwa kuwa kule usukani uko kushoto. Kwetu usukani uko kulia, basi tunaanza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, tunamalizia mbele kulia. Kitabu cha gari lako kikitoa mpangilio mwingine, fuata kitabu.

Chomeka mpira kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye oili. Msaidizi wangu yuko ndani kwenye pedali. Dogo, kanyaga! Shikilia. Nafungua, inatoka, nafunga. Achia. Msaidizi asiachie pedali kabla hujafunga nati, upepo utarudi. Endelea mpaka itoke safi bila mapovu, na kibuyu cha juu cha oili ya breki kisikauke hata mara moja. Ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Pedi za uwanjani tumeshafunga. Pedi mpya lazima zizoeshwe na diski kwanza, lakini usizizoeshe barabara ya Moshi, hapo kuna bodaboda na watoto wa shule. Uwanjani, punguza mwendo kutoka 100 hadi 30 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha zunguka polepole bila breki zipoe. Ukitoka usivute hendibreki, diski bado ni za moto: weka gia, weka kabari kwenye tairi. Gari likipoa, kaza nati za magurudumu upya.