Sukari Haitoshi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Famasia

Habari za asubuhi. Mliochelewa ingieni tu, viti vipo huku mbele, havina miiba.

Leo tunazungumzia namna ya kuficha uchungu wa dawa za watoto. Nitaanza na praziquantel, dawa ya kichocho, maana baadhi yenu mtapangiwa Kanda ya Ziwa na mtakutana nayo kila wiki. Kidonge chake cha kawaida kina miligramu 600. Ni kikubwa na kichungu, na ukikitafuna utakijutia. Kwa dozi ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 15 anahitaji kimoja. Mama anakisaga katikati ya vijiko viwili, anaongeza sukari, anakoroga na maji, anamlaza mtoto mapajani. Mtoto anapiga mateke, anatema, kanga inalowa. Haya, wataalamu, amemeza miligramu ngapi? Hakuna anayejua, na kwenye daftari imeandikwa kwamba dozi imetolewa.

Sukari haikusaidia, na kuna sababu. Kinywa cha binadamu kina aina kama 25 za vipokezi vya uchungu, ilhali utamu unategemea kipokezi kimoja kikuu. Sumu nyingi za mimea ni chungu, kwa hiyo mwili unajihami. Tena utamu wa sukari hupita upesi, uchungu ukabaki nyuma ya ulimi. Wanawake wa pwani wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa wanalijua hili bila kusoma famakolojia: maziwa yana utamu wake, lakini mtoto anakimbia.

Sasa shikeni jambo hili, mengine yote yanatoka hapa: ulimi unaonja dawa iliyoyeyuka tu. Punje ambayo haijayeyuka kwenye mate haina ladha yoyote. Kwa hiyo fundi wa dawa hashindani na uchungu, anauchelewesha mpaka dawa ipite koo. Zipo polima, yaani kemikali za molekuli ndefu zinazofanya utando, zinazotulia kwenye mate, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ni kati ya 6 na 7, kisha zikayeyuka zikikutana na asidi ya tumbo. Ukizipaka kwenye punje za dawa, kinywa hakipati habari. Njia nyingine ni kuigusa molekuli yenyewe. Kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, ni chungu mno. Iliunganishwa na asidi ya palmitiki, ambayo ni asidi ya mafuta, ikawa haiyeyuki kinywani, na ikifika utumboni vimeng'enya vinaikata na kuiachia huru. Mimi huiona kazi hiyo kuwa nzuri kuliko rangi na manukato yote ya dawa za maji.

Rudini kwenye praziquantel. Molekuli yake ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja ndilo linaloua minyoo. La pili halifanyi kazi ya maana, ila ndilo linaloleta sehemu kubwa ya uchungu! Miaka yote hiyo tumekuwa tukiwanywesha watoto yote mawili. Dawa mpya, arpraziquantel, imebakiza lile linalotibu: kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyushwa kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Kilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kukikubali.

Kwa malaria, dawa mseto ya kuyeyusha, Coartem Dispersible, ilitoka mwaka 2009. Kabla ya hapo watoto wa shule wa Tanzania walionjeshwa ladha tatu: stroberi, chungwa na cheri. Iliyochukuliwa ni cheri, tunda ambalo sidhani kama wengi wao walikuwa wameliona. Ladha hapa si anasa. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, dozi inarudiwa, na kwenye zahanati yenye upungufu kila kidonge cha kurudia kimetoka kwa mtoto mwingine.

Mkiwa kwenye dirisha la dawa, basi, msiseme tu "msagie". Ukisaga kidonge kilichopakwa, umebomoa kinga yote niliyoieleza. Na kama ni cha kuachia dawa polepole, umempa mgonjwa dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Uliza kwanza kama ipo ya kuyeyusha. Dawa ya maji ipitishwe kwa bomba lisilo na sindano, taratibu, upande wa ndani wa shavu. Isichanganywe kwenye chupa nzima ya maziwa: mtoto akiacha nusu, ameacha nusu ya dozi, na kesho anaweza kuyakataa hata maziwa matupu. Na msiiite pipi. Atakayeitafuta kabatini ni huyohuyo.

Maswali. Ndiyo, dada yangu pale. Asali? Aliyevuka mwaka mmoja, sawa, kijiko kidogo baada ya dawa. Chini ya mwaka hapana kabisa, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Nani mwingine?