Nimekwaruza ukuta wa nyumba ya 1924 hapa Chicago

Asalaam aleikum ndugu zangu, wa Unguja, wa Pemba, wa bara, na nyinyi wa Muscat mnaonitazama usiku wa manane. Leo sipo jikoni. Nimesimama nje, mtaa wa Portage Park, kaskazini magharibi mwa Chicago, baridi inang'ata, na hii nyuma yangu ndiyo nyumba niliyokuwa nikikwambieni. Ilijengwa 1924, ina miaka mia moja na ushei. Mimi na mume wangu tunataka kuinunua, na leo nakuonyesheni tulivyoikagua kabla hatujakamilisha ununuzi.

Najua shangazi yangu wa Mkunazini ameshaguna hapo alipo. Shangazi, shikamoo, nisikilize kwanza. Hata mimi nilikuwa na woga huo huo. Sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe Zanzibar, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 nilikaa hapa na simu mkononi nikilia, jengo tulilokuwa tukilipita kila jioni kwenda Forodhani, na nikajiambia kwamba hela yangu sitoiweka kamwe kwenye ukuta wa kale. Kilichonirudisha ni kumkumbuka babu. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa chokaa, na akiitwa kwenye nyumba hakuwa na haja ya kuuliza umri wake. Alikuwa anaizunguka kimya kimya, anatazama maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Basi nami nimeizunguka hii hivyo hivyo.

Nyumba hizi wenyewe wanaziita bangalo. Jiji hili lina takriban 80,000, nyingi zilijengwa kati ya 1910 na 1940, zimelizunguka jiji kama mwezi mchanga. Kiwanja cha kawaida ni futi 25 kwa 125, chembamba mno, ndiyo maana unaona nyumba na nyumba zinakaribia kugusana. Tazameni hapa mbele: matofali magumu, rangi ya kahawia iliyoiva, madirisha ya vioo vya rangi. Anayepita barabarani anaona hili tu. Sasa njooni ubavuni.

Huku pembeni matofali ni mengine kabisa. Haya ni ya bei nafuu, ya udongo wa hapa hapa, laini, mengine yana rangi ya waridi. Yalijengewa kwa udongo wa chokaa, pengine na saruji kidogo. Natoa ufunguo wangu, nakwaruza kwenye maungio. Mnaona? Unamomonyoka taratibu kama mkate mkavu. Huu ndio ule udongo wa asili, na baada ya miaka mia bado umeshika. Sasa sogea hatua mbili. Nakwaruza tena. Sikilizeni mlio huo. Hii ni saruji tupu, kijivu, ngumu kama jiwe. Kuna mtu alikuja miaka ya karibuni akajaza maungio kwa saruji, akaona amefanya kazi ya maana.

Na hapa ndipo roho iliponiuma, maana haya nayajua toka nyumbani. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa, mchana na usiku. Ukiubandika plasta ya saruji, unyevu unakosa njia, ukuta unaota chumvi, plasta inavimba na kudondoka, na mwenye nyumba anaongeza saruji nyingine juu yake. Huku kuna jambo zaidi: barafu. Maji yaliyonaswa nyuma ya saruji yanaingia ndani ya tofali laini, Januari yanaganda, yanavimba, yanaupasua uso wa tofali. Angalieni hili. Uso wote umebanduka kama ganda la yai, na saruji pembeni yake imebaki imesimama peke yake kama fremu. Tofali limekufa, saruji iko hai. Nimeyahesabu ukuta huu wa kaskazini, yamebanduka 61.

Nilimwita fundi mwashi mzee anayejua chokaa. Amesema ukuta wenyewe umenyooka, hauna tumbo, hauna ufa wa ngazi unaopanda toka kwenye msingi, na hizo ndizo alama zinazotisha. Saruji itolewe polepole bila kuyaumiza matofali, yaliyokufa yabadilishwe kwa matofali ya zamani ya aina hiyo hiyo, kisha ijazwe chokaa. Dola 14,000. Ni hela nyingi, sikufichini. Lakini ni hela ninayoijua kabla ya kununua.

Haya, tushuke chini. Nyumba za huku zina beizimenti, chumba kizima chini ya ardhi, na mimi nakushaurini mtu akikualika kuangalia nyumba uanzie huku, jiko zuri litakungoja. Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi mpya nyeupe, imepakwa toka sakafuni mpaka usawa wa goti, juu yake rangi kuukuu. Kwa nini mtu apake nusu ya ukuta? Nikapita na tochi nikiilaza ubavuni mwa ukuta, nikaona chumvi imeshaanza kuota tena chini ya rangi.

Sikumuuliza dalali. Nilikwenda kwa jirani wa pili, mzee aliyekaa mtaa huu zaidi ya miaka 40, nikampelekea visheti, tukakaa. Nikamuuliza tu: mvua kubwa ikinyesha, huwa inakuwaje hapa? Akaniambia bila kuzunguka kwamba ile mvua ya Julai 2023 iliyojaza maelfu ya beizimenti upande wa magharibi, hapa maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Jiji hili mvua na maji taka vinapita bomba moja. Bomba likijaa, maji yanarudi nyumbani kwa kupitia tundu la sakafuni, na si maji masafi. Dawa ipo: valvu ya kuzuia maji yasirudi, au kuliinua bomba lote la nyumba litokee juu, na maji taka ya chini yasukumwe kwa pampu. Nyumba hii haina hata moja.

Tukamleta pia mtu wa kamera. Mkaguzi wa kawaida tulimlipa dola 550, lakini yeye haingizi kamera bombani, wa kamera unamtafuta kando, kwetu dola 250. Bomba la maji taka la hapa ni la udongo wa kuchoma, vipande vipande. Mti ule mkubwa mliouona mbele, unaoupendezesha mtaa mzima, mizizi yake imeingia kwenye maungio mawili, inaning'inia ndani kama ndevu. Inakatwa, itarudi, itakatwa tena.

Sasa mama zangu mnaolea, nisikilizeni hapa. Tazameni bomba hili la maji ya kunywa linaloingia toka barabarani, na kifundo chake kilichovimba kama kitunguu. Natoa ule ule ufunguo, nalikwaruza kidogo sana. Linang'aa fedha, ni laini, sumaku hainati. Hii ni risasi, si ya bunduki, ni yale madini laini yanayoitwa "lead" kwa Kiingereza. Chicago ililazimisha bomba za risasi mpaka sheria ya taifa ilipozikataza 1986, na bado ziko takriban 400,000, hakuna jiji Marekani linaloizidi. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na kuchemsha maji hakuiondoi hata kidogo. Mwanangu ana miezi 14. Tukiingia humu, siku ya kwanza kabisa kinafungwa kichujio cha maji kilichothibitishwa kuondoa risasi, na maombi ya kubadilishiwa bomba yanapelekwa jijini wiki hiyo hiyo.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Rangi ya risasi kwa nyumba za kukaa ilipigwa marufuku 1978, kwa hiyo nyumba ya 1924 unaichukulia kuwa nayo. Sheria inamtaka muuzaji akwambie anachokijua na akupe nafasi ya siku 10 kupima. Usiikubali karatasi inayosema umeisamehe nafasi hiyo. Hatari kubwa iko kwenye madirisha, kila ukifungua na kufunga yanasagika na kuacha vumbi pale pale mtoto anaposimamia. Tumepima. Madirisha 9 yanayo.

Umeme haukunishughulisha sana: meni swichi ni mpya, waya za juu darini bado ni zile za kuvikwa kitambaa, zitabadilishwa. Boila, mtambo wa kuipasha nyumba joto, ni nzima. Bomba zake zimefungwa kitu cheupe kama plasta ya mtu aliyevunjika mguu, hiyo ni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, usiiguse, usiibandue, mwite mwenye leseni. Mambo ya mkopo na riba nitayazungumzia siku yake, nimeuliza masheikh na nimepata majibu marefu.

Mkataba wa huku kwa kawaida unakupa siku 5 za kazi za ukaguzi na mwanasheria. Sisi siku ya tatu tulikuwa na kila kitu: picha za matofali 61, video ya mizizi, bei ya fundi kwa maandishi. Tukaomba tupunguziwe dola 22,000. Wamejibu jana: 15,000, na watatia valvu ya kuzuia maji kabla ya kukabidhi.

Nimekubali. Najua wengine mtasema tungevuta zaidi, lakini nimepanda hizi ngazi mara tano, sakafu ya mwaloni hailii, milango yote inafunga, na fundi wa 1924 aliipanga kazi yake vizuri. Walioiumiza ni waliokuja nyuma yake.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi narudi na chupa ya kupimia maji. Mwenye nyumba ameahidi kwamba usiku huu hatofungua bomba hata moja, maana maji lazima yalale kwenye risasi angalau saa 6 ndipo kipimo kiseme kweli. Shangazi, nikipata majibu wewe ndiye wa kwanza kukupigia.