Nani Anaiamulia Mashine Ianze na Kazi Gani? Mhadhara juu ya BBC Micro na Master

Habari za jioni ndugu zangu. Walionizidi umri, shikamooni. Mashine hizi mbili mezani msizicheke, zimewazidi umri wengi mliokaa hapa. Hii yenye mstari wa vitufe vyekundu juu ya kibodi ni BBC Micro Model B. Iliundwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ikatoka mwishoni mwa 1981, wakati shirika la BBC linataka wananchi wajifunze kompyuta kupitia televisheni. Serikali ya huko ikazichangia shule nusu ya bei, ndiyo maana mashine nyingi za aina hii zilikulia darasani. Shule tutairudia, kwa sababu bila darasa habari ya leo haieleweki.

Sikilizeni kwanza, nawasha.

Mmesikia milio miwili? Ule mzito wa mwanzo si salamu. Ni chipu ya sauti ambayo bado hakuna aliyeiambia inyamaze: umeme umeingia, nayo inalia tu. Mfumo endeshi ukiifikia, unainyamazisha, kisha wenyewe unatoa ule mlio mwembamba mfupi kusema upo. Mlio mzito usipokatika, fundi ajue mashine imekwama hata kabla ya kufika hapo. Anaanza kupima kwa masikio kabla hajashika bisibisi.

Na tazameni kioo: BBC Computer 32K, halafu Acorn DFS, ambayo ni programu ya kusimamia diski, halafu BASIC, lugha ya kuandikia programu, halafu alama ya mshale inakungoja. Haijafika hata sekunde mbili. Sisi tuliokutana na kompyuta zikiwa na Windows tumezoea kwamba kuwasha ni kusubiri mfumo utolewe kwenye diski uingizwe kwenye kumbukumbu. Hapa hakuna safari hiyo. Mfumo wote ni kilobaiti 16, umechomwa ndani ya chipu, na upo mahali pake tangu siku mashine ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo tunapozungumzia mipangilio ya kuwasha kwenye mashine hii, hatuulizi mfumo unatoka wapi. Tunauliza: ukishaamka, uanze na kazi gani, na nani aliyeuagiza?

Jibu limefichwa katika sehemu nne tofauti. Mtu akiniletea mashine anasema ina wazimu, mimi huanza kwa kutafuta ni ipi kati ya hizo nne inayosema.

Tuanze na diski. Shika kitufe cha SHIFT, gonga BREAK, achia BREAK kwanza. Mashine itatazama diski na kuuliza: una agizo? Agizo ni namba kutoka 0 hadi 3, nawe unaiweka kwa amri ya nyota. Nyota hii msiichanganye na ile ya kutuma pesa kwa simu, ingawa ukoo ni ule ule: nyota maana yake sisemi na programu, nasema na mwenye nyumba. Unaandika *OPT 4,3 na kubonyeza RETURN.

Sifuri ni kwamba usifanye kitu. Moja, faili linaloitwa !BOOT lipakiwe kwenye kumbukumbu, basi. Sijawahi kuona faida yake. Mbili, !BOOT iendeshwe kama programu ya lugha ya mashine. Tatu ndiyo tamu. Tatu inasema: soma !BOOT herufi kwa herufi, kana kwamba kuna mtu ameketi kwenye kibodi anachapa. Faili ni maandishi ya kawaida tu. Unaandika *BUILD !BOOT, mashine inakupa namba za mistari, unaandika mstari mmoja, CHAIN "MENU", yaani pakia programu iitwayo MENU uiendeshe, unabonyeza ESCAPE, umemaliza. Mtoto wa miaka saba akija darasani anashika SHIFT, anagonga BREAK, na mkono usioonekana unamchapia yale mwalimu aliyoyaandika jana.

Wanafunzi wangu hukosea hapa kila mara. Wanaandika !BOOT nzuri kabisa, wanasahau *OPT. Diski haisemi kitu, nao wanalikagua faili usiku kucha, faili ambalo halina kosa. Au wameweka *OPT na faili hawajaandika, mashine inalalamika kwamba halipo. Faili na agizo ni vitu viwili, vinakaa mbalimbali. Ukinakili mafaili kwa *COPY kwenda diski mpya, !BOOT inakwenda lakini namba haiendi. Ukinakili diski nzima kwa *BACKUP, vyote vinakwenda. Na ukiwa umebandika kile kikaratasi cha kuzuia kuandika ubavuni mwa diski, *OPT itakataliwa, kwa sababu na yenyewe ni kuandika.

Inaandika wapi? Hapa mnivumilie, maana ndipo napopapenda. Diski ya upande mmoja yenye njia 80, yaani miduara 80 ya kuandikia, ina kilobaiti 200. Orodha ya mafaili inakaa kwenye sekta mbili za mwanzo, baiti 256 kila moja, ndiyo maana huwezi kuwa na mafaili zaidi ya 31. Katika sekta ya pili, baiti namba 6 ukianzia sifuri, kuna biti mbili zilizobeba agizo. Biti mbili tu! Tena hazikai peke yao: baiti hiyo hiyo imebeba pia kipande cha hesabu ya sekta za diski nzima. Enzi zile hata baiti moja ilipangishwa wapangaji wawili.

Leo diski hizo tunazihifadhi kama mafaili kwenye kadi ya SD, na mpangilio haujabadilika. Fungua faili la diski ya njia 80 kwa programu ya kuhariri baiti, nenda baiti ya 262, ukianza kuhesabu na sifuri. Ukikuta 03, diski haina agizo. Badilisha iwe 33, zote mbili ni namba za mfumo wa kumi na sita (hexadecimal), hifadhi. Umefanya *OPT 4,3 bila kuwasha mashine.

Sehemu ya pili ni waya. Ukifungua mashine hii, kwenye ubao wa kibodi, pembeni kulia, kuna nafasi nane za kuunganisha kwa waya mfupi. Tatu zinaamua hali ya kioo wakati wa kuwasha. Usipounganisha hata moja, zote zinasomeka moja-moja-moja, yaani saba, ndiyo maana mashine huamka kwenye MODE 7, inayokula kilobaiti moja tu. MODE 0 inakula 20 kati ya 32 ulizonazo, kwa hiyo aliyechagua saba hakukosea. Mbili zinahusu kasi ya kichwa cha kisomea diski. Na moja, ile ninayoiogopa, inapindua maana ya SHIFT.

Niruhusuni ninywe maji kidogo, kisha niwaambie ilivyonipata.

Nilinunua mashine kwa mtu aliyeniambia inatoka shuleni, na kwamba kisomea diski kimekufa. Naiwasha: taa ya diski inawaka, mota inazunguka, kioo hakinipi mshale. Hakuna diski ndani, inazunguka tu. Nikatoa kisomea diski, nikakisafisha, nikabadilisha kebo, nikazungumza nacho kwa lugha nisiyoweza kuirudia mbele ya wakubwa. Siku ya tatu, kwa hasira, nikapiga BREAK huku kidole kingine kimeangukia SHIFT. Mshale ukatokea, mashine nzima kabisa. Nikafungua kibodi, nikakuta kipande cha waya kimelehemiwa safi kwenye ile nafasi. Fundi fulani wa shule, sijui lini, alichoka kuwafundisha watoto kushika vitufe viwili. Akageuza: ukiwasha tu, diski inaanza, na anayetaka kuizuia ndiye ashike SHIFT. Kwa darasa lake, lenye diski ndani kila asubuhi, alifanya jambo la akili. Mimi ndiye niliyeikuta mashine bila darasa.

Sehemu ya tatu ni jina la mtu. Shule nyingi ziliunganisha mashine kwa mtandao wa Acorn ulioitwa Econet, na pale agizo halikukaa kwenye mashine wala kwenye diski ya mtoto. Ukiandika *I AM na jina lako, seva inaangalia namba iliyowekwa kwa jina hilo na kuifuata. Juma na Asha wakibadilishana viti, kila mmoja anafuatwa na mwanzo wake. Hii naipita haraka kwa kuwa sina mtandao wa kuwaonyesha.

Ya nne ni betri, na ndiyo hii mashine ya pili, BBC Master, ya 1986. Acorn waliona watu wamechoka kulehemu, wakaweka chipu ya saa yenye baiti 50 za kumbukumbu inayoishi kwa betri. Sasa unaandika maneno. *CONFIGURE MODE 3. *CONFIGURE BOOT, na hapo umefanya kazi ya ule waya wa fundi wetu bila kufungua skrubu. *CONFIGURE NOBOOT, umeurudisha. *STATUS inakusomea yote. Kisha CTRL na BREAK ili mashine iyashike.

Raha hiyo ina gharama. Waya hausahau, betri inakufa. Master iliyokaa stoo miaka mingi ukiiwasha inaweza kukuambia kwa Kiingereza kwamba hii si lugha; lugha hapa ni programu kama BASIC, inayopokea unachoandika. Watu hudhani chipu imeungua. Hapana. Ndani ya Master kuna programu zilizopangwa kwa namba: DFS ni 9, BASIC ni 12, ADFS, programu nyingine ya diski, ni 13, View ya kuandikia barua ni 14. Betri ikifa, zile baiti 50 zinabaki na takataka, na mashine inakwenda kutafuta lugha kwenye namba isiyo na lugha. Dawa ni kushika herufi R unapowasha, kumbukumbu isafishwe. Kisha unaandika *CONFIGURE LANG 12 na *CONFIGURE FILE 9, CTRL-BREAK, umerudi. Betri usisahau kuibadilisha, na iliyovuja itoe leo leo, maana maji yake yanakula ubao.

Haya, tufanye jaribio. Master hii nimeiwekea BOOT kabla hamjaingia. Diski iliyomo ina namba 3 na ina !BOOT. Nataka mtu mmoja aje aiamshe ianze na diski. Wewe dada wa mstari wa mbele, karibu. Kidole unakipeleka kwenye SHIFT? Hebu simama hapo kwanza. Wenzake mnasemaje, ashike au asishike?

Asishike. Naam. BREAK peke yake, mama. Bonyeza.