Rich Mullins: Mtunzi Aliyeihama Nashville

Mwenyekiti, walimu wa kwaya, wanafunzi wa muziki na wageni wote mliofika jioni hii, nawasalimu.

Nimeombwa kuzungumzia maisha na kazi ya mtunzi mmoja wa nyimbo za Kikristo wa zama zetu, nami nimemchagua Rich Mullins wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki mwaka 1997. Wengi wenu mmekwisha kumwimba bila kujua jina lake, kwa maana kiitikio cha wimbo wake "Awesome God" husikika katika ibada za Kiingereza za mijini kwetu. Hoja yangu ni moja. Kazi ya mtu huyu haielezeki vizuri kwa kupanga albamu zake na tuzo zake kwa miaka. Inaeleweka zaidi tukifuatilia mahali alipochagua kuishi, kwa sababu kila alipohama alikuwa anajiweka mbali zaidi na soko la muziki lililomlisha, na utunzi wake ulizidi kukomaa kadiri alivyosogea mbali.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1955 katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, akapewa jina la Richard Wayne Mullins. Nyumbani walimwita Wayne. Baba yake alikuwa mkulima wa miche ya miti, na familia ililelewa katika Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka. Hapa naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu mji huu wa Richmond si mgeni kwetu kama unavyodhaniwa. Ndipo yalipo makao makuu ya umoja wa Marafiki ambao makanisa ya Kaimosi, Vihiga na Kakamega ni sehemu yake. Wamisionari watatu wa Kikweka waliofika Kaimosi mwaka 1902, Hole, Chilson na Hotchkiss, walitoka katika mazingira ya kanisa lilelile, na leo Wakenya ndio wengi kuliko taifa lolote duniani katika kanisa hilo. Kwa hiyo mwimbaji kutoka magharibi ya Kenya aliyekulia katika ibada za Marafiki, ambako watu huimba tenzi na pia huketi kimya wakimngoja Roho, ana jambo la kushirikiana na mtoto huyu wa Indiana kabla hata hajasikia noti moja ya muziki wake. Mwelekeo wa kutopenda makuu, ambao Wakweka wanausisitiza tangu zamani, ulimganda Mullins hadi kufa.

Alijifunza piano angali mdogo, na katika miaka ya 1970 alisoma katika chuo cha Biblia mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Huko alikuwa na kundi la wanamuziki lililoitwa Zion, ambalo lilitoa albamu mwaka 1981. Huenda habari zake zingeishia hapo. Kilichomtoa gizani ni wimbo alioutunga, "Sing Your Praise to the Lord", ambao mwimbaji Amy Grant aliurekodi katika albamu yake "Age to Age" ya mwaka 1982. Wimbo huo unaanza kwa piano inayopiga dhamira ya fuga ya Bach katika C mdogo, yaani utunzi ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine zikirudia wazo lilelile, kisha unageuka kuwa sifa ya vijana yenye ngoma na gitaa la umeme. Albamu ile baadaye ilivuka mauzo ya nakala milioni moja, jambo ambalo muziki wa Kikristo wa aina hiyo ulikuwa haujalizoea, na Mullins akahamia Nashville, Tennessee, awe mtunzi wa kulipwa.

Tuelewe Nashville ilikuwa mahali gani. Muziki wa Kikristo wa kisasa ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 huko California, miongoni mwa vijana waliookoka wakiwa na nywele ndefu na magitaa yao, na mwimbaji wao Larry Norman alitoa albamu "Upon This Rock" mwaka 1969. Miaka kumi na tano baadaye harakati hiyo ilikuwa biashara kamili. Kulikuwa na kampuni za kurekodi, vituo vya redio vyenye orodha zao za nyimbo, maduka ya vitabu vya Kikristo na tuzo za kila mwaka, na Nashville ndiyo iliyokuwa soko lake kuu. Mtunzi aliajiriwa ili atoe nyimbo zitakazopendwa na wasikilizaji wa redio hizo, ambao wengi wao walikuwa akina mama Wazungu wa tabaka la kati wakiendesha gari kuwapeleka watoto shuleni. Silisemi hili kwa dharau, maana hata sisi tunawajua watayarishaji wanaomwuliza mtunzi kwanza kama wimbo utachezeka harusini.

Mullins alisaini mkataba na kampuni ya Reunion, na albamu yake ya kwanza chini yake, iliyobeba jina lake, ilitoka mwaka 1986. Ya pili, "Pictures in the Sky", ikafuata mwaka 1987. Kwa maoni yangu zote mbili zimechakaa kwa sababu ya vinanda vya umeme vya wakati ule, ambavyo vinafunika maneno. Hata hivyo katika ile ya kwanza kuna wimbo "Elijah", ambamo mwimbaji anaomba kuondoka duniani kama nabii Eliya kwa gari la moto. Kwa kuwa alikufa barabarani akiwa na umri wa miaka 41, wapo wanaouhubiri wimbo huo kama unabii wa kifo chake. Mimi sikubaliani nao. Wimbo ule umetungwa na kijana anayeisoma Biblia kwa furaha, na ukiusikiliza kwa sikio la msibani unaupoteza uchangamfu wake wote.

Mwaka 1988 yalitokea mambo mawili. La kwanza ni albamu "Winds of Heaven, Stuff of Earth", iliyokuwa na "Awesome God". La pili ni kwamba alihama Nashville, wakati ule ule jina lake lilipoanza kujulikana nchi nzima, akaenda kuishi Wichita, jimbo la Kansas, mji wa katikati ya nyanda za ngano usio na biashara yoyote kubwa ya muziki.

Nianze na wimbo. Makanisa mengi huimba kiitikio tu, mara tatu au nne, kisha huingia katika wimbo mwingine. Beti zimeachwa. Ukizirudia beti hizo utakuta mhubiri wa mashambani anayesema upesi upesi, karibu na kunena kuliko kuimba, akisimulia radi na umeme, kufukuzwa kwa Adamu na Hawa bustanini, na hukumu ya Sodoma, kwa lugha ya mitaani ambayo hakuna kamati ya tenzi ingeipitisha. Kiitikio kinafuata kama jibu la mkutano kwa mhubiri huyo. Ukikitenga, kinakuwa sifa nzuri ya kawaida; ukikiacha mahali pake, ni watu wanaojaribu kutulia baada ya kutishwa. Mullins mwenyewe hakuuona kuwa wimbo uliotungwa kwa ufundi, na alilisema hilo hadharani zaidi ya mara moja. Nadhani alikuwa na haki kuhusu beti kadhaa zilizosongamana maneno, ila alikuwa mkali mno kwa kiitikio, ambacho mtu yeyote hukishika akikisikia mara moja. Barack Obama alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mwaka 2004, aligusia maneno hayo katika sentensi moja, na waumini waliokuwa wakitazama walijua papo hapo anaongea nao.

Kuhusu kuhama, jambo ambalo walimu wa kwaya hapa wangelitafakari zaidi ni fedha. Mullins aliweka utaratibu kwamba mapato yake yote yaende kwa wazee wa kanisa lake mjini Wichita. Wao walimlipa mshahara wa wastani wa mfanyakazi wa Marekani kwa mwaka husika, na kilichobaki kilitolewa kwa kazi za huruma, naye hakutaka kuambiwa ni kiasi gani alichokuwa akiingiza. Alieleza kwamba kama angejua, ingemwia vigumu zaidi kukiacha. Hapa hapana hadithi ya mtakatifu asiye na tamaa. Mtu huyu alikuwa na tamaa, aliijua, akaikabidhi kwa wazee. Alisema waziwazi pia kwamba alipambana na pombe na upweke. Hakuoa. Alipenda kuwasimulia wasikilizaji wake kwenye matamasha kwamba wimbo "Hold Me Jesus" aliutunga Amsterdam, usiku aliposhawishika vikali, naye akajikuta anapambana na maombi ambayo hayakumtoka kirahisi. Katika nyimbo za toba ninazozifahamu kwa Kiswahili, mtungaji kwa kawaida anasimulia dhambi aliyokwisha kuiacha. Huyu anaimba kabla ya kushinda.

Kutoka Wichita zilikuja kazi zake bora. Albamu mbili zilizoitwa "The World As Best As I Remember It", ambazo ya kwanza yake ilitoka mwaka 1991, ndimo mlimo "Step by Step", wimbo uliotungwa na rafiki yake Beaker ambao Mullins aliuongezea beti zake mwenyewe. Ile ya kwanza ina "Calling Out Your Name", na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ni hapa ala yake ya pekee inapojitokeza. Ni dalsima ya nyundo. Wale wanaoijua kanuni ya taarabu ya Zanzibar watalitambua umbo lake: sanduku bapa lenye pande nne zisizolingana, na nyuzi nyingi zilizotandazwa juu yake. Tofauti ni kwamba kanuni hukwanyuliwa kwa vidole, nayo dalsima hupigwa kwa vijiti viwili vyepesi vya mbao. Kila uzi ukipigwa unaendelea kulia, na mlio unaofuata unaingia ndani ya ule uliotangulia, hivyo mpigaji akiharakisha anatengeneza ukungu wa sauti. Mullins anaanza wimbo huo kwa mapigo ya haraka yasiyopumzika, halafu sauti yake inaingia polepole ikitaja mwezi ukipita juu ya Nebraska na vilima vya Dakota. Ni wimbo wa ibada uliojaa majina ya majimbo, na ndiyo maana unasadikika. Mtunzi wetu anayemsifu Muumba kwa milima na bahari za jumla angejaribu, walau mara moja, kutaja Meru, Pemba au Ziwa Rukwa.

Mwaka 1993 alitoa albamu "A Liturgy, a Legacy & a Ragamuffin Band", na kundi lake likaitwa kwa jina hilo la mwisho, ambalo alilichukua kwa mwandishi Brennan Manning, aliyeandika kuhusu neema kwa watu wachakavu wasio na cha kujivunia. Sehemu ya kwanza imepangwa kwa mtiririko wa ibada, na ndani yake kuna "Creed", yaani Imani ya Mitume iliyowekewa muziki wa dalsima ile ile. Kumtia mtu wa makanisa huru ya Marekani katika ukiri wa kale wa kanisa zima ilikuwa hatua yenye maana, kwa sababu redio za muziki wa Kikristo zilizoea maneno ya hisia za mtu binafsi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeuacha utajiri akaishi maskini, pia alimvuta sana. Pamoja na Beaker na mwanamuziki mwenzao Mitch McVicker alitunga mchezo wa nyimbo, "Canticle of the Plains", unaoyahamishia maisha ya Fransisko katika Magharibi ya Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya mwisho ya kuhama ilikuja mwaka 1995. Akiwa na umri wa miaka 39 alihitimu shahada ya ualimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Friends, Wichita, chuo chenye asili ya Wakweka, kisha akaenda Tse Bonito, New Mexico, katika nchi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kufundisha watoto muziki. Watu walitarajia aseme ameitwa kuwageuza Wanavajo. Alikanusha. Alisema amechoshwa na namna Wazungu wa kiinjili wa tabaka la kati wanavyomwona Mungu, na alitaka kuishi mahali ambapo angefunzwa. Nyota aliyekuwa akijaza kumbi aliishi huko kwa makazi ya kawaida kabisa.

Septemba 1997 alirekodi nyimbo tisa kuhusu maisha ya Yesu ndani ya kanisa lililoachwa, kwa gitaa au piano na kinasa sauti cha kaseti. Zilikusudiwa kuwa rasimu. Siku tisa baadaye, usiku wa tarehe 19, gari aina ya Jeep alilokuwamo pamoja na McVicker lilipinduka katika barabara kuu ya Illinois wakiwa njiani kwenda Wichita kutumbuiza. Hawakuwa wamefunga mikanda, wote wawili wakarushwa nje. Lori lililojaribu kulikwepa gari lililoanguka lilimgonga Mullins, akafa. McVicker alijeruhiwa vibaya, akapona.

Kundi lake likazimaliza nyimbo zile studioni, na albamu "The Jesus Record" ikatoka mwaka 1998 ikiwa na diski mbili: moja ina rekodi ya kaseti kama ilivyo, nyingine ina toleo la kundi pamoja na waimbaji wageni. Toleo la studio ni zuri na limefanywa kwa heshima, lakini ukisikiliza kwanza rasimu utasikia jinsi beti zinavyosimama zenyewe bila kuegemea ala. Kabla ya maswali yenu tutasikiliza wimbo mmoja kutoka diski ya rasimu, "Hard to Get", ambamo anamwuliza Yesu aliye mbinguni kama bado anakumbuka ilivyokuwa kuishi huku chini, kuogopa na kungoja. Naomba fundi mitambo asiondoe mvumo wa mkanda.