Wastani ulivyonidanganya: kupima kinachoongeza tija kazini

Assalam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Nashukuru mmekuja, najua wengine mmetoka Pongwe na Muheza na usafiri wa jioni mnaujua wenyewe. Nimeombwa niongee kuhusu takwimu na tija ya taasisi, nami naomba nianze na kosa langu mwenyewe, manake ndo lililonifundisha hii kazi.

Zamani nilikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge huku huku mkoani kwetu Tanga. Bosi akataka kujua genge lipi la wakataji linazalisha na lipi linazembea. Mimi nikachukua matita yote yaliyokatwa nikagawa kwa siku za kazi, nikapata wastani, nikachora jedwali safi lenye desimali mbili na kila mtu akaliamini, alafu wale wa genge la chini wakapunguzwa kazini. Watu wenye watoto hao jamani. Na ile ripoti haikuwa kweli.

Nawapa namba za mfano, sio za shamba lile, ila umbo ni lile lile. Kila genge limefanya siku 100. Genge la kwanza lilikaa siku 80 bloku ya karibu na barabara, linakata matita 100 kwa siku, alafu siku 20 bloku ya mlimani, matita 60 kwa siku. Jumla 9,200, wastani 92. Genge la pili lilikaa siku 20 tu kule karibu, likakata 110 kwa siku, na siku 80 zote zilizobaki liko mlimani linakata 70. Jumla 7,800, wastani 78. Sasa angalieni tena taratibu. Genge la pili limeshinda barabarani, limeshinda na mlimani, yaani hakuna bloku hata moja liliyoshindwa, lakini ukichanganya tu linaonekana la mwisho. Wanatakwimu wanaita kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyekieleza mwaka 1951. Kilichoshusha wastani ni nani kapangiwa wapi, na anayepanga ni msimamizi, sio mkataji.

Kwahiyo hapo ndo inaingia rigresheni. Unaweka tija upande mmoja, upande wa pili unaweka kila unachodhani kinaigusa, umbali wa bloku, umri wa mkonge, mvua, uzoefu wa mkataji, siku ambazo korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilisimama kwa kuharibika, na hesabu inajaribu kukwambia hiki kimoja kikibadilika na vingine vyote vikibaki palepale tija inasogea kiasi gani. Ni kifaa kizuri sana, lakini kinajua kile tu kilichoandikwa. Karani kama hakuandika bloku, hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha hiyo bloku. Mimi sikuiandika.

Tutenganishe na haya maneno mawili, watu wanayachanganya. Tija ni ulichopata ukigawa kwa ulichotumia. Ufanisi ni umefika wapi ukilinganisha na pale ambapo ungeweza kufika kwa vitu hivyo hivyo ulivyonavyo. Mfano bandari yetu hapa. Kwa miaka mingi meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa gatini, unabebwa mara mbili. Mtu angechukua tani kwa kila mfanyakazi akalinganisha Tanga na Dar es Salaam ambako meli inafunga gatini, angekuwa anapima kina cha maji alafu anaita uvivu wa watu wa Tanga. Hili linaniuma kusema kweli.

Mwanauchumi mmoja Mwingereza, Farrell, ndo alitoa njia mwaka 1957, kwamba usimpime mtu kwa wastani, mpime kwa umbali wake kutoka kwenye mpaka unaochorwa na wale wanaofanya vizuri zaidi. Mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wakaigeuza kuwa hesabu inayoitwa DEA, kifupi cha Kiingereza cha Data Envelopment Analysis, inayofaa sana kwa hospitali, shule, matawi ya benki, sehemu zenye mazao mengi ya aina tofauti ambayo huwezi kuyatia bei moja. Shida yake DEA ya kawaida haijui bahati mbaya, wiki ya mafuriko inaihesabu kama uzembe. Wengine, akina Aigner, Lovell na Schmidt, walishatoa mwaka 1977 njia ya pili inayojaribu kutenganisha, huku mitikisiko ya bahati, huku uzembe wenyewe. Kwa sehemu inayotegemea mvua na umeme mimi nachukua hii ya pili, japo inataka data nyingi zaidi na inakulazimisha uamue mapema umbo la hesabu yako.

Na nyie wanafunzi, mniwie radhi ila nitasema. Dodoso lenye swali "je, motisha inaongeza tija?" alafu unahesabu asilimia ya waliokubali, hapo hujapima athari ya motisha, umekusanya maoni. Mtu yule yule anajibu kuhusu motisha na anajibu kuhusu tija yake, siku hiyo hiyo, akiwa na furaha vyote vinapanda, akiwa na hasira vyote vinashuka, alafu SPSS, ile programu ya takwimu, inakupa uhusiano mkubwa unafurahi. Eti alfa ya Cronbach imetoka juu! Hiyo inakwambia majibu ya maswali yako yanakwenda pamoja, haikwambii kama ni kweli. Tija itoe kwenye daftari la uzalishaji, motisha muulize mtu, vitoke sehemu mbili tofauti.

Wale wa genge la pili sikuwahi kuwaona tena kuwaambia. Nilichofanya ni kuongeza safu tatu kwenye daftari la kila siku, bloku, mvua, na saa za mashine kusimama, na shamba lile nasikia mpaka leo wanazijaza. Haya, niliwaambia mje na madaftari ya ofisini kwenu, aliye nalo alilete hapa mbele tuangalie safu zipi hazipo.